Mtoto aachiwe kusema, ila aujue mpaka wa maneno

Katika nyumba nyingi mtoto hahitaji kuambiwa anyamaze. Jicho la mama linatosha. Wageni wakiwa sebuleni, mtoto akidakia maneno ya wakubwa au akiuliza swali lisilotakiwa, jicho linamfuata, naye anajua kuna jambo litamkuta wageni wakishaondoka. Wengi waliolelewa hivyo leo ni wazazi, na wengi wao wanasema malezi yale yaliwafaa.

Watoto wao wanakua tofauti. Wa darasa la sita anamwuliza baba kwa nini yeye peke yake anaruhusiwa kupiga kelele ndani ya nyumba. Wa kidato cha pili anaandika kwenye kundi la WhatsApp la darasa kwamba maharage ya shule yana wadudu. Wa kwanza anaambiwa hana adabu. Wa pili anaitwa ofisini kwa mwalimu wa nidhamu, na mzazi wake anaandikiwa barua.

Hapo ndipo wazazi wanapogawanyika. Wapo wanaosema haki za watoto zimezidi, na kwamba mtoto akiachiwa kusema kila kitu atawapanda wakubwa kichwani. Wapo wanaosema dunia imebadilika, mtoto aseme anachotaka. Pande zote mbili zinazungumza kana kwamba mpaka wa maneno ni mmoja, na kazi iliyobaki ni kuamua uwepo au usiwepo.

Mipaka iko ya aina mbili. Upo unaomlinda mtu asiumizwe kwa maneno, na upo unaomlinda mkubwa asiulizwe. Mtoto anauhitaji ule wa kwanza tangu akiwa mdogo. Huu wa pili unaweza kumwangamiza.

Kimya kinamlinda nani?

Wanaowafanyia watoto ukatili mara nyingi si watu wa mbali. Ni ndugu, jirani, mwalimu, au dereva wa bodaboda anayempeleka shule kila asubuhi. Silaha yao ya kwanza ni neno moja: usiseme. Neno hilo hufanya kazi kwa urahisi zaidi kwa mtoto aliyekwisha kufundishwa nyumbani kwamba mkubwa hapingwi na hashtakiwi.

Mtoto wa namna hiyo akishikwa mahali pasipofaa na mtu anayemwamkia shikamoo kila siku, huanza kwa kujiuliza yeye amekosea nini. Akijaribu kusema, hakosi ujasiri tu. Hukosa hata maneno, kwa sababu sehemu za mwili wake hajawahi kuruhusiwa kuzitaja. Na akifanikiwa kusema, jibu la kwanza analopata mara nyingi ni swali: "Una uhakika? Mjomba wako huyo?" Baada ya hapo hasemi tena.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nyumba inayomzoesha mtoto kuficha yanayowaaibisha wakubwa isishangae siku ikigundua kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa akificha jambo zito kuliko yote.

Ndiyo maana Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, katika kifungu cha 11, inampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda mawazo yake haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Sheria haikusema kila anachotaka mtoto kifanyike. Imesema asikilizwe, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mtoto anaweza kusikilizwa kuhusu kuhamishwa shule na uamuzi ukabaki kuwa wa wazazi.

Wapo wanaoamini kwamba habari hizi ni mambo ya Wazungu yaliyoletwa kuvuruga malezi ya Kiafrika. Wanaoamini hivyo wausome Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa na nchi za Afrika zenyewe mwaka 1990. Ibara yake ya 7 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake. Ibara ya 31 ya mkataba huohuo inampa wajibu, na mmojawapo ni kuwaheshimu wazazi na wakubwa wake wakati wote. Walioandika mkataba huo hawakuona kwamba sauti ya mtoto na heshima kwa mkubwa ni paka na panya. Waliviweka vyote viwili katika waraka mmoja.

Wasichana waliosema jukwaani

Hapa Tanzania upo mfano mzuri wa namna vitu hivyo viwili vinavyoweza kwenda pamoja. Mwaka 1996 wanazuoni wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mpango ulioitwa Tuseme katika shule za sekondari. Walengwa walikuwa wasichana, ambao wengi walikuwa wakifanya vibaya katika masomo au kuacha shule kwa sababu ambazo hakuna aliyezitaja kwa sauti.

Njia yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Wasichana walikaa pamoja na kuchambua yanayowakwamisha. Kisha wakayageuza kuwa mchezo wa kuigiza, nyimbo na ngoma, na kuyaonyesha mbele ya wanafunzi wenzao, walimu na wanajamii. Baada ya onyesho yakafuata mazungumzo ya wote kuhusu hatua za kuchukua.

Mzazi anaweza kujiuliza kwa nini iwe michezo ya kuigiza. Jibu linaeleweka kwa yeyote aliyepita shule ya bweni. Msichana wa kidato cha tatu hawezi kusimama mstarini na kumwambia mkuu wa shule kwamba mwalimu fulani anawasumbua. Lakini anaweza kuigiza kama mwanafunzi anayesumbuliwa, na mwenzake akaigiza kama mwalimu, na watazamaji wote wakaelewa. Jambo zito linasemwa bila mtu kutukanwa na bila jina la mtu kutajwa hadharani. Baadaye mpango huo ulichukuliwa na jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika, FAWE, na kupelekwa katika nchi nyingine kadhaa za bara hili.

Tuseme haikuwaambia wasichana waropoke, wala haikuwaambia wanyamaze. Iliwatafutia mahali pa kusemea na namna ya kusema.

Shule isiyo na mlango

Mahali pa kusemea pakikosekana, maneno hayaishi. Hutafuta njia nyingine ya kutokea, na kwa jirani zetu wa Kenya njia hiyo mara kadhaa imekuwa ya kutisha. Machi 2001, wanafunzi 67 wa Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, walikufa baada ya bweni lao kuchomwa moto kwa makusudi. Kabla na baada ya hapo shule nyingi za nchi hiyo zimekumbwa na migomo na mabweni kuteketezwa.

Hakuna malalamiko yanayohalalisha kuchoma watu wakiwa usingizini, na sababu za migomo hiyo ni nyingi: hofu ya mitihani, dawa za kulevya, mihemko ya ujana. Hata hivyo, kikosi kazi cha Wizara ya Elimu ya Kenya kilichotoa ripoti mwaka huohuo wa 2001 kilitaja pia, miongoni mwa mambo mengine, udhaifu wa mawasiliano kati ya wanafunzi na uongozi wa shule. Mwaka 2009 likaundwa Baraza la Wanafunzi wa Shule za Sekondari, na shule zikahimizwa kuacha wanafunzi wachague viongozi wao badala ya walimu kuwateulia viranja.

Tofauti ya viongozi hao wawili mwanafunzi anaielewa mara moja. Kiranja aliyeteuliwa na mwalimu hupeleka majina ya wapiga kelele ofisini. Kiongozi aliyechaguliwa na wenzake hupeleka pia hoja kwamba maji hayajatoka bwenini kwa siku tatu. Shule inahitaji vyote viwili, lakini nyingi zina kile cha kwanza tu.

Wapo walimu watakaosema hayo ni rahisi kuandikwa gazetini. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 katika chumba kimoja, na vipindi vinne mfululizo, hawezi kumsikiliza kila mmoja. Hoja hiyo ni ya kweli na inastahili heshima. Darasa haliwezi kuwa kijiwe. Mwanafunzi lazima anyooshe mkono, asubiri zamu yake, asimkatishe mwenzake, na asilete habari za mpira katikati ya kipindi cha hesabu. Hiyo ni mipaka ya wakati na mahali, na bila hiyo hakuna anayesikika, hata yule mpole wa nyuma ambaye hoja yake ndiyo ilikuwa ya maana.

Kasoro huanza pale "si wakati wake" linapogeuka kuwa jibu la siku zote. Mwanafunzi akiambiwa hapa si mahali pa kusemea hilo, ana haki ya kuuliza mahali pake ni wapi. Shule iwe na jibu: sanduku la maoni linalofunguliwa kweli, mwalimu wa ushauri nasaha ambaye wanafunzi wanamwamini, kikao cha kila mwezi cha viongozi wa wanafunzi na mkuu wa shule. Yule wa maharage yenye wadudu kwenye WhatsApp huenda amekosea njia. Kabla ya kumwadhibu, ofisi ijiulize kama ilikuwapo njia nyingine, halafu iende jikoni ikaangalie sufuria.

Mpaka uliowekwa mahali pasipo pake

Shule za Afrika Mashariki zina historia ndefu ya kuwawekea watoto mipaka ya maneno, na si yote iliyokuwa ya kuwalinda. Nchini Kenya wengi wanaikumbuka diski, au monto: kipande cha mbao au chuma alichovikwa mwanafunzi aliyesikika akizungumza lugha ya mama. Ili kukiondoa shingoni, alilazimika kumtega mwenzake azungumze lugha hiyo naye amkabidhi. Jioni waliopitiwa na kipande hicho walichapwa. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza desturi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, akikumbuka shule za utotoni mwake.

Huku nako wapo waliosoma shule ambazo Kiswahili ndicho kilichokuwa kosa, na aliyekizungumza uwanjani alivishwa kibao.

Nia ilielezwa kuwa ni kuwasaidia watoto wajue Kiingereza. Walichojifunza kwa uhakika ni kupelelezana, na kuona kwamba lugha anayoongea bibi nyumbani ni jambo la aibu. Hakuna aliyeumizwa na mtoto aliyemwomba mwenzake maji kwa Kikamba au kwa Kiswahili. Mpaka ulikuwapo na adhabu ilikuwapo, lakini hakukuwa na mtu aliyekuwa akilindwa.

Maneno yanayofungua njia ya damu

Lakini yapo maneno ambayo mpaka wake haupaswi kujadiliwa, na ukanda huu unayajua kuliko wengi. Nchini Rwanda, redio RTLM ilianza kurusha matangazo mwaka 1993 kwa muziki na utani uliowavutia vijana. Katikati ya utani huo Watutsi waliitwa mende. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, redio hiyohiyo ilihimiza wauaji na hata kutaja watu wa kuwindwa. Desemba 2003, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo na mhariri wa gazeti la Kangura kwa mchango wao katika mauaji hayo.

Kenya nayo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ilipoteza zaidi ya watu 1,100 katika vurugu zilizochochewa pia na maneno ya chuki za kikabila. Mwaka 2008 ikatunga sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa inayofanya matamshi ya chuki kuwa kosa. Katiba yake ya mwaka 2010, ibara ya 33, inatoa uhuru wa kujieleza na papo hapo inasema uhuru huo hauhusu propaganda za vita, uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki.

Tanzania haikufika huko, lakini ina neno lake la kuonea aibu. Miaka ya 2000 ikielekea mwisho, hasa Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, mitaani walikuwa wakiitwa dili. Mtoto alipita njiani kwenda shule akisikia watu wazima wakisema "dili hilo linapita". Waliosema walicheka na kuona ni utani. Aliyesikia alikimbia kurudi nyumbani, na baadhi ya watoto waliacha kabisa kwenda shule.

Hiyo ndiyo sababu mwalimu hapaswi kupuuza majina wanayopeana watoto darasani. Mtoto anayeitwa kwa ulemavu wake, kabila lake, rangi yake au umaskini wa kwao hafanyiwi mzaha wa kawaida. Anaondolewa utu wake kidogo kidogo mbele ya darasa zima. Baada ya muda haonyeshi mkono tena, hata kama jibu analijua. Uhuru wa wanaomcheka umekula uhuru wake. Shule inayokataza majina hayo hainyimi mtu haki ya kusema. Inamrudishia yule wa pembeni haki aliyonyang'anywa na wenzake.

Kipimo cha maswali matatu

Mzazi au mwalimu atajuaje basi neno lipi ni la kuzuia na lipi ni la kuvumilia? Swali hili limefika hadi mahakama kubwa za dunia. Desemba 1965, katika mji wa Des Moines, Marekani, wanafunzi wachache, mmoja wao binti wa miaka 13, walisimamishwa shule kwa kuvaa kitambaa cheusi mkononi kupinga vita vya Vietnam. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa majaji saba dhidi ya wawili, iliamua kwamba mwanafunzi haachi haki yake ya kujieleza nje ya geti la shule. Shule inaweza kumzuia pale tu maneno au kitendo chake kinapovuruga masomo kwa kiasi kikubwa au kuingilia haki za wengine. Uongozi kutopendezwa na maoni hayo hakutoshi.

Kipimo hicho kinaweza kuletwa nyumbani kwa maswali matatu.

La kwanza: maneno haya yanamuumiza mtu, au yanamkera tu? Mtoto anayesema "Baba, uliahidi na hukutimiza" anakera. Mtoto anayemwambia dada wa kazi "wewe si mtu wa hapa" anaumiza. Katika nyumba nyingi wa kwanza ndiye anayechapwa, na wa pili anachekwa au anapita bila kuambiwa kitu.

La pili: yanawanyima wengine nafasi yao? Anayepiga kelele wakati wenzake wanasoma, anayemkatiza mdogo wake kila akifungua mdomo, anayemtisha mwenzake asiseme, hao wanatumia sauti zao kuzima za wengine.

La tatu: ni kweli, na yamepelekwa kwa anayeweza kusaidia? Hapa ndipo pa kumfundisha mtoto uzito wa tuhuma. Kumsingizia mwalimu au mwenzake jambo baya kunaweza kuharibu maisha ya mtu asiye na kosa. Tuhuma nzito haipelekwi kwenye kundi la WhatsApp wala mstarini. Inapelekwa kwa mzazi, kwa mwalimu anayeaminika, kwa ofisi ya ustawi wa jamii, kwa dawati la jinsia na watoto la polisi, au kwa simu ya bure ya msaada kwa watoto, namba 116. Ikishafika huko, kazi ya mkubwa ni kuichunguza, bila kuizima na bila kuitangaza.

Simu haisahau

Zamani neno baya lilisemwa chini ya mwembe na kuishia hapo. Siku hizi linapigwa picha, linasambazwa, na linaweza kumfuata mtu hadi siku anayoomba kazi. Kijana anayeanzisha kundi la kumcheka mwenzake anaweza kufuta kundi hilo kesho, lakini hawezi kufuta kilichokwisha kuhifadhiwa kwenye simu 40.

Wazazi wengi hawajui pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo na unyanyasaji kwa njia ya mtandao. Kijana aliyepewa simu bila kuambiwa hayo amepewa panga bila kuonyeshwa upande wenye makali. Kabla ya kumkabidhi, mzazi akae naye na wakubaliane machache: hatumi picha ya mtu bila ruhusa yake, hasambazi asichokithibitisha, haandiki kuhusu mtu kile ambacho hawezi kumwambia usoni, na akiandikiwa cha kutisha anakuja kusema bila kuogopa kunyang'anywa simu.

Hilo la mwisho ndilo gumu kwa wazazi, na ndilo lenye faida kubwa. Kijana anayejua kwamba akisema atapoteza simu hatasema, hata kama anatishiwa na mtu mzima asiyemjua.

Kanuni ijulikane kabla ya kosa

Kinachofaa nyumbani hakiko mbali na kinachofaa katika taifa. Katiba ya Tanzania inatoa uhuru wa maoni katika ibara ya 18, na ibara ya 30 inakumbusha kwamba haki za mmoja zisitumike kuingilia haki za wengine au maslahi ya umma. Ugumu huanza kwenye kuandika mpaka wenyewe.

Aprili 2016 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano ya nchi hiyo, kilichofanya kosa kutuma ujumbe wa kuudhi kwa njia ya mtandao. Mahakama iliona maneno ya kifungu hicho ni mapana mno, kiasi kwamba mwananchi hawezi kujua kabla ya kuandika kama anavunja sheria. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha nayo iliona vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016 vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya.

Ipo nyumba inayoongozwa kwa kanuni kama hizo zilizobatilishwa. Leo swali la mtoto linachekesha, kesho swali hilohilo linaleta kofi, kwa sababu baba ameamka vibaya. Mtoto wa nyumba hiyo hajifunzi adabu. Anajifunza kusoma uso wa mkubwa na kusema kinachompendeza. Akikua atakuwa mfanyakazi anayemficha bosi hasara, na raia anayempigia makofi kila anayeshika kipaza sauti.

Mtoto aambiwe mapema kanuni za nyumba na sababu zake: hapa hatutukani, hatumwiti mtu kwa ulemavu wala kabila lake, hatumsemi mtu uongo, hatumkatizi anayezungumza. Afundishwe pia namna ya kupinga kwa heshima. "Mama, samahani, naomba niseme jambo" ni sentensi fupi inayoweza kubeba ukweli mzito, na mtoto aliyeizoea mezani ataitumia ofisini kwa mkuu wa shule.

Kisha kanuni hizo ziwabane na wakubwa. Baba anayewatukana watu wa kabila fulani akiangalia taarifa ya habari asishangae mwanawe akiitwa shuleni kwa kosa hilohilo. Mama anayemwita jirani jina la kejeli mbele ya watoto amekwisha kuufuta mpaka aliouchora. Na mzazi akikosea, amwombe mtoto radhi. Heshima yake haitapungua. Mtoto ataona kwamba kanuni ni ya kweli na haikutungwa kwa ajili ya wadogo tu.

Mzazi anayetaka kuanza leo aanze na jambo dogo. Usiku wa leo, chakula kikishaliwa na televisheni ikiwa imezimwa, amwulize kila mtoto: kuna jambo lolote nyumbani au shuleni ambalo umekuwa ukiogopa kulisema? Akishauliza, anyamaze na kusikiliza hadi mwisho. Siku ya kwanza huenda asipate jibu. Aulize tena wiki ijayo.